Sakafu ya Boti ya Kapolo

Kapolo, ng'ambo ya ziwa Tshangalele
6 Juni 2023

Baba yangu,

Mume wangu Sylvain na mimi tunakusalimu sana. Barua hii nampa Katongo, dereva wa kamiyo, lile lori la samaki, kwa sababu simu ya huku haishiki mpaka mtu apande juu ya kichuguu, na nikifika juu tunasema allô, allô, kisha inakatika.

Nina ombi la useremala. Unajua boti ya aluminium ambayo parokia iliipa kituo chetu cha afya. Ndiyo inayotuvusha na wagonjwa mpaka barabara ya Likasi. Bila hiyo, mama mwenye uchungu huzungushwa ziwa lote juu ya baiskeli. Bati la boti ni zima kabisa. Kilichokufa ni sakafu. Aliyeiweka alitumia triplex ya dari, ile mbao ya tabaka zilizogandishwa, na baada ya mvua za mwaka mmoja imebanduka ngozi moja moja kama kitunguu. Juzi Mama Abigaïl, ambaye siku zake za kuzaa zimekaribia, alikanyaga katikati na mguu ukazama mpaka gotini kati ya mbavu za boti. Mtoto tumboni hakudhurika, namshukuru Mungu, lakini mguu ulivimba vibaya, na sasa wanawake wa kambi ya wavuvi hawataki tena kuingia. Wanasema afadhali mtumbwi.

Baba, najua hukupenda nije kukaa mahali ambapo njia ni maji. Sikuandiki kwa ajili ya hilo. Nauliza tu: kuna namna ya kufanya sakafu ya triplex ambayo itadumu, na ambayo kituo maskini kinaiweza?

Binti yako,
Lydie


Lubumbashi, 19 Juni 2023

Mama Lydie, mutoto wangu,

Barua yako ilifika. Adrien Kambale njo anaandika ii, ule kijana wa Butembo mwenye karakana pembeni ya yangu, juu mikono yangu iko na kole, gundi ya mbao. Nilimuambia aandike vile minasema, asiitengeneze.

Mi sijue boti. Nilifanya mabehewa ya reli maisha yote, na mu maji sikuingia kupita magoti. Lakini maji yenyewe niko naijua. Ku behewa ao ku boti, maji haipitie ku uso ya mbao. Inapitia ku kichwa, pale musumeno ilikata. Pale mbao inakunywa, kole inaachia, na ngozi inaanza kutoka moja moja vile umesema.

Sasa sikia. Nilituma Adrien alete vipande ya triplex tatu, kila moja na muuzaji wake. Niliipika mu chungu kama maharagi, toka asubui mpaka mangaribi. Shangazi yako alikuja kutafuta chungu yake, akafunika, akaenda. Mbili ilifunguka kama kitabu yenye ilinyeshewa. Moja ilibakia muzima. Ni ile ya rangi ya chokolati, yenye bamasoni banamwangia beton, ile zege, juu yake. Kule Golf, mutaa ya batajiri, bantu banajenga villa, na bakimaliza sakafu ya juu banatupa ile triplex inje. Adrien alienda kuomba, bakamupa. Iko na matundu ya misumari, tutaziba.

Usinitumie namba ya urefu na upana. Namba inadanganya. Kata makartoni, ulaze juu ya mbavu ya boti mpaka ikae sawasawa, vipande tatu, juu siku moja mutapenda kuitosha, kuitoa mu boti, na kukausha. Andika JUU ku upande ya juu. Mupatie Katongo.

Baba yako,
Edouard Mwenze


Kapolo, 2 Julai 2023

Baba,

Nimecheka kwa ajili ya chungu cha shangazi mpaka Sylvain akaja kutazama nina nini.

Makartoni ni haya, ni ya maboksi ya dawa. Kartoni ya kwanza iligoma, ya pili ikakaa kama soksi mguuni. Nimeandika JUU kwa herufi kubwa.

Kuna habari nyingine njema. Mulenga, mdogo wake Sylvain anayechimba Kambove, alikuja kututembelea na akatuletea mfuko wa misumari ya shaba. Shaba haipati kutu, na ni ya kwetu! Sylvain tayari ameshikiza kwayo ubao mmoja wa zamani nyuma ya boti, ili injini isitetemeke tunaposubiri sakafu yako. Itatosha na kubaki.

Mguu wa Mama Abigaïl umepona. Alijifungua hapa hapa kituoni, mtoto wa kiume.

Lydie


Lubumbashi, 15 Julai 2023

Mama Lydie,

Ngoa ile misumari leo. Usingoje kesho.

Shaba ni muzuri, sisi bote ba huku shaba njo ilitulisha. Lakini shaba na aluminium mu maji haipatane. Ukiiweka pamoja, shaba inabakia muzima na aluminium inaliwa, polepole, pasipo sauti. Niliona ku reli: muntu alifunga waya ya shaba ku bati ya aluminium, kisha mvua moja, mbili, unatia kidole na bati inatoboka.

Na mi sitaki musumari wowote mu tumbo ya boti. Tundu ni tundu. Sakafu italala juu ya mbavu kwa uzito yake. Chini yake mutaweka mupira ya ndani ya baiskeli, mukate kama ukanda, juu mbao na bati isisagane. Ku kando minatengeneza vifungo ya mbao yenye inazunguka, inashika sakafu chini ya mabenchi. Ukitaka kuitosha, unazungusha kifungo, basi.

Kipande ya mbele inakuja na Katongo. Ku vichwa yote tulipakaa kole ya makopo mbili, ile ya kuchanganya, mara ya kwanza nyepesi juu inyweke, kisha nzito, kisha nzito tena. Ku uso ya juu tulitia rangi na muchanga laini, juu ile triplex ikilowa inateleza kama sabuni. Pembe zote tulizungusha, juu pembe kali njo inapigwa ya kwanza.

Mikono yangu ingali na kole, Adrien njo anaandika.

Baba yako, Edouard


Kapolo, 30 Julai 2023

Baba,

Tumeing'oa misumari yote. Kuzunguka kila mmoja kulikuwa na unga mweupe kama wa muhogo, na chini ya unga aluminium imeanza kuwa na vishimo. Asante. Ungechelewa kutuandikia, tungekuwa na boti ya kuchujia chai.

Sasa niseme lingine, ingawa linaniuma. Kipande cha mbele hakiingii. Kimekatwa kinyume: mkunjo wa kulia uko kushoto. Nikikigeuza kinakaa, lakini mchanga unaangalia chini na upande unaoteleza uko juu. Neno JUU nililiandika kubwa, hata mtoto angeliona.

Ni wewe uliyekataa kuipeleka kabati ya harusi ya jirani kwa sababu mlango ulipishana unene wa unywele. Nimekaa na kipande hicho sebuleni nikijiuliza. Kama kazi hii inakuchosha, niambie. Kama bado una hasira kwamba niko huku, niambie pia. Lakini usinifanyie kazi ya nusu moyo, Baba, kwa sababu watakaolala juu ya sakafu hii ni watu.

Nimetuma makartoni mapya ya vipande vyote. Safari hii amekata Sylvain, maana mimi kwa sasa siwezi kuinama chini ya mabenchi.

Lydie


Lubumbashi, 8 Agosti 2023

Dada Lydie,

Mimi ni Adrien Kambale. Hatujaonana, lakini barua zako zote nimezisoma kwa sauti, na za baba zote nimeziandika kwa mkono wangu. Hii ninaandika peke yangu, na baba hajui.

Mikono yake haina kole. Macho ndiyo yamekwisha. Tangu Pasaka anaona kama mtu anayetazama kupitia kitambaa kichafu, na upande wa kushoto haoni kitu. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakitarudi, matone yanalinda kilichobaki. Anayatia kila siku, mimi namkumbusha.

Ni mimi ninayekata na msumeno. Yeye anapitisha vidole kwenye kila ukingo, na mahali ambapo kole haijajaa analaza shavu lake pale na kusema, hapa kunapumua, rudia. Sijawahi kukosea kitu asikigundue. Lakini kartoni yako ilisafiri chini ya samaki. Ilifika imelowa, na wino wa JUU ulikuwa umepita mpaka upande wa pili. Nilisoma JUU pande zote mbili. Mimi nilichagua upande, na yeye hakuwa na njia ya kujua.

Nilipomsomea barua yako niliruka maneno ya hasira na nusu moyo. Nisamehe kwa hilo, sikuweza kuyatoa mdomoni nikimtazama. Nilimwambia tu kwamba kipande kimekatwa kinyume. Akasema, "Sasa tunafanya vyote upya."

Hataki ujue kwa sababu anasema ukijua utaacha kituo na kuja kumlea, na wale wanawake watabaki na nani. Nami nimekuambia kwa sababu sikutaka uendelee kufikiri kwamba ana hasira na wewe.

Jambo moja bado. Nilipofika pale ulipoandika kwamba huwezi kuinama, alinisimamisha. Aliniomba nisome mstari huo tena. Akakaa juu ya meza ya kazi, akasema, "Mwaka jana alipoteza mutoto, na mi nililia kumupita yeye." Halafu akainuka kutafuta mbao.

Ndugu yako,
Adrien


Lubumbashi, 24 Agosti 2023

Mama Lydie,

Vipande tatu inakuja, na ii mara kila moja iko na kidoti ya musumari, tulichoma ku upande ya juu, hata muntu akiwa mu giza atakuta kwa kidole. Ile ya kwanza usiitupe. Kata ufanye rafu ya dawa.

Ukiweka, anza na ya nyuma, kisha ya mbele, kisha ya katikati. Ya katikati njo inafunga zingine. Acha nafasi ya kidole moja ku kando, juu mbao inavimba kidogo mu mvua. Ukiikaza sana itainuka katikati kama mukate. Ku kila kipande kuko tundu karibu na nyuma: maji ya mvua inashuka chini, na kule chini munaichota na kopo. Kila mwaka mu kiangazi muitoshe, muoshe, mukaushe mu kivuli, muangalie vichwa. Kama muko mukwaruzo, mupakae rangi siku ile ile. Ukifanya vile, ii sakafu itaona batoto yako bakioa.

Niliongeza kipande ya ine yenye hukuomba. Ni kidogo, na iko na ukingo pande zote, juu kitu kidogo kisibingirike. Utajua mahali pake.

Sikuulize kitu.

Baba yako


Kapolo, 12 Septemba 2023

Baba,

Sakafu imeingia. Ya nyuma, ya mbele, ya katikati, kama ulivyosema. Ile ya katikati ilishuka mahali pake na kutoa sauti ndogo, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba nzuri.

Mama Abigaïl alikuja na mtoto mgongoni. Alipanda, akasimama palepale mguu ulipozama, akaruka mara mbili na mtoto wake. Halafu akakaa chini, akanyoosha miguu, akasema yeye anataka kupelekwa matembezi. Tulimpeleka. Waliokuwa ufukweni waliona, na tangu siku hiyo wanawake wanaingia bila kubembelezwa.

Kipande cha nne nimekipokea. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu.

Ndiyo, Baba. Ni mwezi wa kumi na mbili, Mungu akipenda. Sikukuandikia kwa sababu mwaka jana nilikupa furaha ikakatikia mikononi mwako, na niliogopa kukupa nyingine kabla haijakomaa. Sasa anapiga teke.

Kuhusu yale niliyoandika juu ya kipande cha kwanza, naona haya. Tuyaache. Njoo ukae nasi. Kuna chumba, na Sylvain anakuomba pia. Ziwa letu ni la kina kifupi, mahali pengi mtu anasimama.

Lydie


Lubumbashi, 25 Septemba 2023

Mama Lydie,

Nilisikia. Adrien alinisomea ile mustari mara nyingi mpaka akachoka.

Kuja, sitakuja. Kazi iko mingi, na maji, unanijua. Lakini sikia baba yako: mwezi ukikaribia, usingoje uchungu. Vuka mapema, kaa Likasi, ngojea kule karibu na hospitali. Wewe njo unaambiaka bamama bengine vile; na wewe ufanye vile.

Barua ya kuonea haya hakuna yenye ilifika huku. Sijui unasema nini.

Baba yako


Likasi, 19 Novemba 2023

Baba mkwe,

Mimi Sylvain. Nianze na la muhimu: Lydie yu mzima, na mtoto yu mzima. Ni msichana. Tumempa jina la Régine, la marehemu mama yake Lydie.

Tulikuwa tuvuke Jumamosi, kama ulivyoshauri. Alhamisi asubuhi chupa ikapasuka, wiki nyingi kabla ya wakati, na mvua ilikuwa inamwagika. Injini iliwaka kidogo ikakataa. Wavuvi wawili walichukua pondo, mimi nikachukua kopo. Lydie alilala kwenye sakafu ya katikati chini ya turubali. Maji yaliingia mengi, Baba, lakini yalikwenda chini, yote chini, nami nikayachota kule. Mgongo wake haukuyagusa. Ningekuwa na ile sakafu ya zamani, angelala ndani ya ziwa.

Mtoto alikuja tukiwa bado kati ya mafunjo, mbali na barabara. Hakulia. Alikuwa mdogo na rangi yake haikuwa nzuri. Kila kitu kilikuwa kinateleza. Lydie alikuwa amelala pale, lakini sauti yake ilikuwa ile anayotumia kituoni. Alisema, "Mlaze kwenye kibao cha Baba. Mkaushe. Sugua mgongo. Usiache." Nilimlaza, kile kibao kikamshika kila boti ilipoyumba, na mikono yangu yote miwili ikawa huru. Nilisugua. Sijui ni muda gani. Akalia.

Sasa wako hospitalini, mtoto kifuani kwa mama yake mchana na usiku, wanasema anaongezeka.

Lydie ananiambia niandike na hili. Anajua habari ya macho yako. Amejua tangu Agosti. Hatakuja Lubumbashi kukulea, kwa hiyo usiogope. Anasema hakuiti uje kuona, anakuita uje kubeba, na mikono yako haijaharibika.

Mkwe wako,
Sylvain


Kapolo, 18 Desemba 2023

Ndugu yangu Adrien,

Asante kwa kumpandisha Baba kwenye basi na kumwandikia jina letu kwenye karatasi mfukoni, ingawa alikasirika na kuniambia kwamba yeye si kifurushi. Alifika Likasi amevaa koti la kanisani. Nilimwekea tu mtoto mikononi. Alimpapasa polepole kuanzia kisigino, goti, mgongo, mpaka nyuma ya masikio, uso wake umeinama kando kama mtu anayesikiliza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Hakuna mahali panapumua vibaya."

Tuliongea juu ya macho mara moja tu. Nilimuuliza kwa nini alinificha. Aliniuliza mimi kwa nini nilimficha mtoto. Basi tukala.

Hakutaka kuvuka. Siku tatu alisema atarudi Lubumbashi, karakana inamngoja, wewe peke yako hutaweza. Nilimwambia kwamba wewe mwenyewe, Adrien, ndiwe uliyesema unaweza. Jana asubuhi daktari alituruhusu kwenda nyumbani, na Baba akapanda gari pamoja nasi mpaka ufukweni bila kusema anakwenda wapi. Pale alivua viatu, akamshika Sylvain bega, akaingia botini akitanguliza mguu mmoja kama anayejaribu maji ya moto. Benchi alilikataa. Alikaa chini, kwenye sakafu, ameegemea ubavu wa boti, akaomba mtoto.

Régine alikuwa analia njaa na hasira. Baba alimtikisa, akamwimbia nyimbo za wafanyakazi wa reli, zile zisizo na maneno mengi, akahesabu vidole vyake, akaanza upya. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Sylvain hakuwasha injini kwa ajili ya mtoto; alishika pondo na kutusukuma kimya kati ya mafunjo, kisha tukatoka kwenye maji ya wazi. Nilimtazama Baba tu. Mkono mmoja ulikuwa na mtoto, mwingine ulikuwa umelala wazi juu ya mbao.

Hatimaye Régine akalala. Baba akageuza uso wake upande wangu, akaniuliza kwa adabu, kama mtu ambaye hataki kuharakisha wenyeji wake, "Sasa mama, tunaondoka saa ngapi?"

Nilimwambia, "Baba, tuko katikati ya ziwa."

Dada yako,
Lydie